Ugo na Mgeni: Mawazo Kutoka Rebero

Yapo maneno katika Kiswahili ambayo hayajafa, bali yamekaa kando kama mzee barazani, yakiwasikiliza vijana wakizungumza. Mojawapo ni neno ugo. Kamusi zetu zinalo, nazo hutueleza kuwa ni ua au uzio unaozunguka nyumba. Hata hivyo mwanafunzi wa leo akitaka kukitaja kitu hicho atasema uzio, au ua, au ukuta, na akiwa mtu wa bara pengine atasema boma. Neno ugo ataliacha lilale katika kamusi. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika mji wa Kigali hatuwezi kuliacha, kwa sababu wanafunzi wetu huja nalo kutoka kwao, tena hawaji nalo peke yake. Huja nalo pamoja na neno la pili ambalo kila Mswahili hulitumia kila siku bila kulifikiria, nalo ni mgeni. Katika makala haya twataka kuyatazama maneno haya mawili pamoja, na kuonyesha jinsi yanavyotuongoza mpaka kwenye mahandaki ya kale yaliyobaki katika nchi za Maziwa Makuu, na jinsi mahandaki hayo nayo yanavyotuuliza swali ambalo mwalimu hana ruhusa ya kulikwepa.

Tunaishi Rebero, kilima kilicho kusini mwa Kigali, katika wilaya ya Kicukiro. Jina la kilima limetokana na kitenzi cha Kinyarwanda kureba, yaani kutazama. Irebero ni mahali pa kutazamia. Jina hilo halikukosea. Anayesimama juu yake huuona mji kwa upande wa kaskazini, vilima juu ya vilima, na kwa upande wa kusini huona nchi ikishuka kuelekea bonde la mto Nyabarongo na Bugesera. Miteremko imejaa nyumba mpya zenye kuta za matofali na malango ya chuma, lakini mahali pamoja pamoja bado utaona ua wa miti hai uliokatwa vizuri, na moshi wa jiko ukipanda nyuma yake.

Katika Kinyarwanda nyumba huitwa inzu. Lakini nyumba peke yake si makao. Makao ni urugo, na wingi wake ni ingo. Urugo ni ua pamoja na vyote vilivyomo: nyumba, vihenge vya nafaka, mahali pa ng'ombe kulala, na zaidi ya hayo watu wenyewe na heshima yao. Mlango wa ua ni irembo, neno ambalo tangu mwaka 2015 limekuwa pia jina la mtandao ambamo wananchi huomba vyeti na huduma za serikali. Mtu akioa husemwa kuwa amejenga urugo, na maharusi hutakiwa urugo ruhire, yaani ugo wenye heri. Bibi harusi mwenyewe huitwa umugeni.

Tulipolieleza neno mgeni kwa mara ya kwanza katika darasa letu la jioni, mama mmoja muuza vitenge aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kwa hiyo Waswahili kila anayepiga hodi kwao ni bibi harusi?" Darasa zima lilicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini swali lile lilikuwa na maana kuliko kicheko chake. Mswahili amelichukua neno la mtu ajaye na kulipa kila mtu ajaye. Mnyarwanda amelihifadhi kwa yule mmoja ambaye huingia irembo akiwa si wa pale, na kabla miaka haijapita mingi yeye ndiye anayewafungulia wengine. Maneno ni ndugu. Kila moja limekumbuka sehemu yake.

Ugo nao ni ndugu wa urugo. Katika lugha ya Kinyankore zizi la ng'ombe lenye ua huitwa orugo. Katika Luganda ekigo ni mahali palipozungushiwa ngome, na Wakatoliki wa Buganda huliita hivyo eneo la parokia. Wataalamu wa kulinganisha lugha za Kibantu hulihesabu shina hili miongoni mwa mashina ya kale, ambayo watu wa lugha hizi waliyabeba walipokuwa wakienea kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi wa Rwanda anapolikuta neno ugo katika kitabu cha Kiswahili hajifunzi neno la kigeni. Anamwona shangazi yake wa pwani ambaye hajapata kumwona, na anamjua kwa sura.

Sasa na tutazame jambo moja kuhusu ua wa kale wa Rwanda. Ua huo haukujengwa kwa fito kavu tu. Ulipandwa. Watu walipanda minyaa, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa imiyenzi, na katika makao ya wafalme na watawala walipanda mivumu, miti ya jamii moja na mkuyu. Kigingi cha mvumu kikichomekwa ardhini huchipua na kuwa mti. Mfalme wa Rwanda hakukaa mahali pamoja. Makao yake yalihama kutoka kilima hadi kilima, mpaka Nyanza ilipofanywa makao ya kudumu mwaka 1899, wakati wa Mfalme Yuhi Musinga. Basi mfalme alipohama, nyumba zake za miti na majani zilioza zikarudi udongoni, lakini ua wake uliendelea kukua. Baada ya vizazi kadhaa palibaki kikundi cha miti mikubwa katika kilima kitupu, na waliopita walijua ya kuwa hapa palikuwa na makao ya mfalme. Mahali pa namna hiyo huitwa ikigabiro. Watu walipaheshimu, na jina hilo lipo hata leo katika kata ya Kigabiro, wilayani Rwamagana.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalojifunza ni hili: ua, ambao twaudhani kuwa kitu kidogo pembeni mwa nyumba, mara nyingi hudumu kuliko nyumba yenyewe. Na kama ua wa miti huweza kumshinda mfalme kwa umri, ua wa udongo je? Ili kulijibu swali hili ilitubidi tutoke Rwanda, kwa maana ua mkubwa kuliko wote wa udongo katika sehemu zetu hizi uko Uganda, kusini mwa mto Katonga, katika nchi ya Sembabule. Jina lake ni Bigo bya Mugenyi. Msomaji ambaye ametufuata mpaka hapa hahitaji mkalimani. Bigo ni wingi wa kigo. Mugenyi ni mgeni. Ni Ngome za Mgeni.

Tulikwenda huko walimu wanne wakati wa likizo. Tulivuka mpaka Kagitumba, tukapita Mbarara na Lyantonde, kisha tukaiacha lami na kuingia katika nchi ya malisho, yenye vichaka vya miiba na ng'ombe wa pembe ndefu, ndugu wa inyambo wa Rwanda. Anayetarajia kuona kuta za mawe kama za Kilwa au Gedi atarudi akilalamika. Mwanzoni hakuna cha kuonekana ila mstari wa vichaka vilivyokuwa vizito kuliko vingine. Ukisogea, ardhi hupasuka mbele ya miguu yako. Ni handaki. Ukishuka ndani yake, kingo hupanda juu ya kichwa chako pande zote mbili, na mahali pengine utaona kuwa wachimbaji hawakuishia kwenye udongo bali waliukata na mwamba ulio chini yake. Mzee aliyetuongoza, mfugaji wa sehemu zile, alitugonjea tuliposimama tukishangaa, kisha akasema, "Hapa walishinda wakichimba, wanangu. Kwa nini walichimba, waulizeni wenyewe."

Wengi wamejaribu kuwauliza. E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya uchunguzi wa madini na miamba ya Uganda, aliandika juu ya mahandaki haya mwaka 1934. Peter Shinnie alichimbua mwaka 1957, na Merrick Posnansky, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alichimbua mwaka 1960. Kutokana na kazi zao na za waliowafuata twajua kwamba mahandaki yote yakiunganishwa urefu wake unazidi kilomita 10, na kwamba kina chake mahali pengine hufika kiasi cha mita 4. Handaki la nje limepinda kama upinde, na ncha zake zinaelekea kwenye kinamasi cha Katonga, hivyo mto wenyewe ni sehemu ya ua. Ndani yake, juu ya kilima kidogo, yako mahandaki mengine yaliyozungushia makao ya katikati. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba watu waliishi hapo kati ya karne ya 14 na ya 16. Tena Bigo si peke yake. Magharibi mwa Uganda yako mahandaki mengine ya namna hiyo, kama yale ya Munsa na Kibengo.

Kuhusu kazi ya mahandaki hayo wataalamu hawajakubaliana. Wako waliosema ni ngome ya vita na makao ya mfalme. Wako waliojibu kuwa ua mrefu namna ile usingeweza kulindwa na jeshi lolote la wakati ule, na kwamba bila shaka ulikuwa wa kuzuia na kugawa makundi ya ng'ombe. Wengine wamefikiria mashamba yaliyohitaji kulindwa na wanyama wa porini. Na wengine husema kwamba mtawala awezaye kuwakusanya watu kwa maelfu ya siku ili wachimbe ardhi, amekwisha kuonyesha uwezo wake hata kama handaki halizuii chochote. Kwetu sisi majibu haya hayapingani sana kama yanavyoonekana. Mwulize Mnyarwanda urugo wake ni wa nini. Atakuambia ni wa ng'ombe, ni wa kuzuia wezi na fisi, ni wa heshima, ni wa watoto. Hawezi kuchagua moja, kwa kuwa ua wa makao haujapata kuwa na kazi moja.

Ua wa udongo si jambo la Afrika peke yake. Nchini Uingereza, katikati ya malisho ya kondoo, yamebaki matuta na mahandaki ya wakulima walioishi chini ya utawala wa Warumi, utawala ulioanza mwaka 43 na kwisha karibu na mwaka 410. Ni mambo madogo: handaki, tuta, nyumba chache ndani yake, njia ya ng'ombe. Mengine yamesawazishwa na majembe hata hayaonekani tena kwa mtu anayetembea, lakini wakati wa kiangazi mimea iliyoota juu ya handaki lililofukiwa hubaki mibichi kuliko iliyo kando yake, na rubani aliye juu huona mchoro wa ua mzima. Nako Nigeria, katika nchi ya Ijebu, liko handaki liitwalo Sungbo's Eredo, lenye urefu upatao kilomita 160. Twataja mfano wa Uingereza kwa sababu maalumu. Mtawala wa nchi ile alikuwa Mrumi, yaani mgeni hasa. Lakini kule hakuna anayedai leo kwamba, maadamu mfalme alitoka Roma, basi na mkulima aliyechimba handaki la zizi lake alitoka Roma. Handaki la mkulima huhesabiwa kuwa ni lake.

Bigo hawakupewa haki hiyo. Masimulizi ya Bunyoro na Nkore husema mahandaki ni kazi ya Wachwezi, wafalme wa ajabu kama Ndahura na Wamara, waliotawala kwa muda mfupi kisha wakatoweka. Mugenyi alikuwa mmoja wao. Husimuliwa kwamba alikuwa na ng'ombe aliyempenda mno aitwaye Bihogo, na ng'ombe huyo alipokufa Mugenyi alitaka kujiua, na msiba huo ulikuwa miongoni mwa dalili za mwisho wa Wachwezi katika nchi. Hadithi hizi ni nzuri, na hata Rwanda ibada ya kubandwa, ambayo mkuu wake ni Ryangombe, ni ya ukoo mmoja na ibada za Wachwezi. Hatuna ugomvi nazo. Hadithi hutumia neno mgeni kama hadithi zote zitumiavyo, kumweleza mtu mkubwa kuliko wanadamu wa kawaida.

Ugomvi wetu ni na waliokuja kulisoma neno hilo kama hati ya polisi. John Hanning Speke alifika Karagwe mwaka 1861, akapokewa vizuri na Mfalme Rumanika. Hakufika Rwanda. Lakini katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 alitoa nadharia kwamba watawala wa falme hizi zote walikuwa watu wa kabila jingine, waliotoka upande wa Uhabeshi na kuwashinda wenyeji. Nadharia hiyo iliwafaa watu wengi. Kila palipoonekana ufalme uliopangwa vizuri, au handaki lililochimbwa vizuri, palitafutwa mgeni wa kulipewa sifa hiyo. Wakoloni waliifundisha shuleni. Katika Rwanda ilitumika kuwagawa Wanyarwanda, watu wa lugha moja na vilima vimoja, kuwa wenyeji na wageni, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliuandika mgawanyo huo katika vitambulisho.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la wachimbuaji wa mambo ya kale peke yao. Mwezi wa Novemba mwaka 1992, katika mkutano wa hadhara huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wake kwamba Watutsi wangerudishwa Uhabeshi kwa njia ya mkato, nayo ni mto Nyabarongo. Alihukumiwa kifungo cha maisha nchini Rwanda mwaka 2016. Baina ya Aprili na Julai 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maneno yale yalitendwa. Kwa hesabu ya serikali ya Rwanda watu zaidi ya milioni moja waliuawa, na mito ilibeba wengi wao. Bonde la Nyabarongo huonekana kutoka kwetu. Na hapa hapa Rebero iko makumbusho ambamo wamezikwa maelfu ya waliouawa, pamoja na wanasiasa waliouawa kwa sababu walikataa siasa ile ya kugawa watu. Kila mwaka, tarehe 13 Aprili, juma la maombolezo ya taifa hufungwa mahali hapo. Sisi tuishio hapa hatuwezi kulisoma jina la Ngome za Mgeni kana kwamba ni hadithi ya kulaza watoto.

Basi udongo wenyewe unasema nini? Karibu na Bigo, mahali paitwapo Ntusi, palikuwa na makao makubwa tangu karibu karne ya 11, kabla ya Bigo. Wachimbuaji walikuta vichuguu vikubwa vilivyojaa mifupa ya ng'ombe, na katika makao hayo hayo walikuta mawe ya kusagia nafaka. Mfugaji na mkulima, ambao nadharia ya Speke iliwatenganisha kwa kabila na kwa nchi, hapa wameacha takataka zao pamoja. Vyungu vyao vilipambwa kwa kuviringisha kipande cha majani yaliyosokotwa juu ya udongo mbichi, na pambo hilo wafinyanzi wa nchi hizi, Rwanda ikiwa mojawapo, wameendelea kulitia katika vyungu mpaka katika nyakati zetu. Hakuna chombo hata kimoja kinachotulazimisha kwenda Uhabeshi kumtafuta mwenyewe.

Kisha tuna ushahidi ambao haukuhitaji sururu, nao uko mikononi mwa walimu wa lugha. Ni neno lenyewe. Waliozunguka mahandaki haya, wakayalisha ng'ombe wao na kuyasimulia kwa watoto, hawakuyaita kwa neno la lugha ya mbali. Waliyaita bigo, kwa shina lile lile ambalo mwanamke wa Rebero hulitumia akisema anarudi kwake urugo, na ambalo Mswahili wa zamani alilitumia kwa ua wa nyumba yake. Hatusemi kwamba neno ni cheti cha kuzaliwa. Neno huweza kusafiri na huweza kukopwa. Lakini neno la nyumbani namna hii, lililoenea kutoka ziwa hadi pwani, latuonyesha kwamba kitu kile hakikuwa kigeni kwa waliokiita. Kilikuwa ugo, ila mkubwa kupita kiasi.

Na neno mgeni je? Mito ya nchi hizi imetupa jibu chungu. Nyabarongo huingia Akagera, na Akagera huingia katika ziwa Viktoria. Katonga, mto wa Bigo, nao humwaga maji yake mengine katika ziwa hilo hilo. Mwaka 1994 miili ya waliouawa Rwanda ilifika katika fukwe za Uganda, nao wavuvi na wanavijiji waliitoa majini na kuizika. Katika makaburi ya pamoja ya Kasensero, Lambu na Ggolo wamelala zaidi ya watu 10,000. Waliozika hawakuwauliza waliokufa majina yao wala asili zao. Methali yetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa hawakuweza kumponya mtu, wala wenyeji hawakuwa na la kuwapa ila ardhi na ua wa kuizunguka. Waliwapa. Tulipokuwa tukirudi kutoka Bigo tulipita Lambu, ingawa si njia ya karibu, tukasimama kitambo mbele ya makaburi.

Walimu wenzetu wataweza kuuliza: Haya yote yanaingia wapi katika kipindi cha Kiswahili cha dakika 40? Tunajibu kwamba tangu mwaka 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, sisi wenyewe tumekuwa tukishughulika kila siku na swali la ugeni. Wako wanafunzi wanaotuambia kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wa nje, lugha ya sokoni, ya barabarani au ya askari. Hatuwajibu kwa hotuba. Tunawaandikia ubaoni maneno mawili mawili: urugo na ugo, umugeni na mgeni, inzu na nyumba, inka na ng'ombe kwa anayetaka kubishana. Baada ya robo saa wao ndio huanza kututafutia mengine. Mwanafunzi mmoja alituletea karatasi yenye maneno 60 aliyoyakusanya kwa bibi yake wa Bugesera, na pembeni mwa neno ugo alikuwa amechora ua wa mviringo wenye irembo lililo wazi.

Kazi hii ya kukusanya ina haraka yake. Bigo imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2007, lakini orodha hailindi kingo za handaki zisiporomoke. Ng'ombe hushuka humo kila siku, mashamba husogea, na mtu mwenye jembe na njaa hawezi kulaumiwa kwa kusawazisha tuta ambalo hakuna aliyemweleza maana yake. Kenya imeonyesha njia kwa upande wake: Thimlich Ohinga, maboma ya mawe ya kaunti ya Migori ambayo kwa Kijaluo huitwa ohinga, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wabukusu nao wanazikumbuka chingoba, vijiji vyao vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki, na vita vya Lumboka na Chetambe vya mwaka 1895 ambavyo babu zao walipigana na majeshi ya Waingereza. Lakini penye vijiji vidogo, ambako ua ulikuwa wa familia moja tu na hakuna vita vilivyoandikwa, handaki hufukiwa kimya kimya, na neno lake hufukiwa pamoja nalo.

Kwa hiyo tunaleta ombi kwa wasomaji wa jarida hili, wa Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Kongo na kwingineko. Waulizeni wazee wa kwenu huuita nini ua wa kuzunguka makao, ua wa miti, wa mawe na wa udongo. Waulizeni handaki la kale, kama lipo, linaitwaje, na nani husemwa kuwa alilichimba. Wakijibu kwamba lilichimbwa na wageni waliopita zamani, msiifute hadithi yao. Iandikeni kama walivyoisimulia, kisha andikeni kando yake jina la mahali na maneno wanayoyatumia kwa ua, kwa lango na kwa mgeni. Tuleteeni hayo nasi tutayapanga na kuyachapisha katika kurasa hizi. Sisi tumekwisha kuanza na neno moja la Rebero, nalo ni urugo.